Kipozeo cha Taifa

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wanaoishi humo wanaijua, na wasioishi humo wana ya kwao wanayoijua. Itoshe kusema ni nchi ya amani, ina wimbo mrefu wa taifa, na Mtukufu wake hajawahi kushindwa jambo lolote isipokuwa siku moja tu, na siku hiyo ndiyo iliyoleta haya yote.

Mtukufu alikuwa amekwenda kumtembelea mtawala wa nchi jirani. Baada ya kula, mwenyeji akaleta mashine ya michezo, ile inayounganishwa na runinga, mtu anashika vitufe mkononi na kuwakimbiza wachezaji wa mpira ndani ya kioo. Mashine ilikuwa ndogo kama mkate, imetengenezwa huko huko kwa jirani. Wakacheza. Mtukufu akafungwa. Akaomba warudie, akafungwa tena, na safari hii bao moja alijifunga mwenyewe. Mwenyeji akacheka, kisha akafanya jambo baya kuliko kucheka. Akampa pole.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba taifa litaunda mashine yake ya michezo. Itaitwa Fahari. Itakuwa na nguvu kuliko ya jirani, itakula umeme kidogo kuliko ya jirani, na itauzwa rahisi kuliko ya jirani. Wananchi wakaambiwa washangilie, wakashangilia.

*

Ingekuwa nchi nyingine, watu wangekaa chini wakaelewana. Ukitaka nguvu nyingi, umeme utaliwa na joto litatoka. Ukitaka joto lipate njia, lipia feni. Hutaki kulipia feni, basi punguza nguvu. Lakini katika nchi hii wizara haipunguziwi kitu. Kumpunguzia waziri ni kumtukana, na kumtukana waziri ni kumtukana aliyemteua. Kwa hiyo uliwekwa utaratibu wa zamu. Fahari ikae mahali pamoja, na kila wizara iende na bisibisi yake, ikaitengeneze ipendavyo, mwenzake asiwepo.

Wizara ya Nguvu ikaanza. Waziri wake alikuwa mtu wa kifua, anayegonga meza hata akiagiza chai. Alipoonyeshwa kile kipande cha ndani kinachofikiri, ambacho mafundi wanakiita ubongo, akauliza kwa nini taifa zima lifikiri kwa ubongo mmoja. Akaongeza wa pili, akaongeza na wengine, mpaka Fahari ikatoka kwenye ukubwa wa mkate ikafika ukubwa wa kabati la nguo.

Ikaja Wizara ya Kubana Umeme. Waziri huyu alikuwa mwembamba na alizungumza polepole, kana kwamba maneno nayo yanapimwa kwa mita. Akang'oa nyaya nene zote, akaweka nyembamba kama uzi wa kushonea, kwa hoja kwamba katika mlango mwembamba hapiti mtu mnene. Akaandika taarifa kwamba matumizi yameshuka. Nyaya zikawa zinawaka nyekundu, akaandika pia kwamba sasa mashine ina taa bila kuongeza gharama.

Mwisho ikaja Wizara ya Unafuu. Waziri wake, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia, alitafuta kitu chochote kisichokuwa na kazi ya maana. Akaikuta feni.

"Hii inacheza mpira?" akauliza.

Akajibiwa kwamba haichezi, inapuliza tu.

"Basi ikapulize kwake."

Feni ikatolewa, likabaki tundu kubwa mgongoni mwa mashine, kama beseni la kuogeshea mtoto. Ili tundu lisionekane, likafunikwa kwa kifuniko chenye picha ya Mtukufu akitabasamu. Kifuniko kilipangwa kiwe cha shaba, zamu ya Unafuu ikapita, kikawa cha kadibodi iliyopakwa rangi ya shaba. Hakikutobolewa hata tundu moja la kupitishia hewa, maana hapakupatikana mtu wa kusema sehemu gani ya uso ule itobolewe.

Fahari ikawashwa. Mchezo ukaanza, wachezaji wakatoka mmoja mmoja, na kabla refa hajapuliza filimbi mashine ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, ikazima. Mawaziri watatu wakapongezana, kwa kuwa kila mmoja alikuta sehemu yake imekamilika. Kisha zamu zikaanza upya, Nguvu akaongeza, Kubana Umeme akabana, Unafuu akang'oa.

Katikati ya hao wote alikuwepo mtu mmoja aliyetakiwa kuhakikisha Fahari inafanya kazi. Huyo ndiye Injinia Kalokola, na ni yeye peke yake aliyekuwa haruhusiwi kushika bisibisi.

*

Mmeshajiuliza Fahari ilikaa wapi. Ilikaa hospitali. Umeme wa nchi hiyo hukatika kila mahali isipokuwa kwenye waya mmoja, uliokuwa ukipeleka umeme wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Waya ukahamishiwa chumba cha pili, kwa Fahari. Wodi ikabaki na vitanda vya joto visivyo na joto, ikapewa kalenda kuwa fidia.

Humo ndimo alimokuwa Sikudhani. Alikuwa msichana mtulivu, aliyezoea kukaa pembeni na kutazama mpaka ajue mambo yanaelekea wapi. Shule yake iliishia darasa la saba. Mdogo wake Zaina alikuwa amejifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, akatokwa na damu nyingi, na sasa alilala na homa inayomtetemesha hata shuka likawa linatikisika. Hakuwa na joto la kujipa mwenyewe, seuze la kumpa mtoto. Na mtoto alikuwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kiatu. Hakuwa na jina. Kwao mtoto hapewi jina mpaka avuke mlango wa nyumbani.

Sikudhani akambeba kifuani, mchana na usiku, akimfunika kwa khanga zote mbili. Lakini ilikuwa miezi ya baridi, na kifua cha mtu mmoja asiyekula vizuri kina mwisho wake. Mtoto akaanza kuwa wa kijivu kwenye midomo.

Nesi wa wodi, Sista Perepetua, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimwambia huyu anahitaji joto, na joto lote limepelekwa kule, akaonyesha ukutani kwa kidevu.

Sikudhani akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa moto kama ubavu wa sufuria. Akakaa na kiganja pale muda mrefu, mpaka Sista akamuuliza kama anaumwa.

Asubuhi palibandikwa tangazo. Wizara ya Unafuu ilikuwa imegundua kwamba mtu mwenye kipepeo cha ukili, kile cha kupepea jiko la mkaa, ni rahisi kuliko feni. Wizara ya Kubana Umeme ikaunga mkono, kwa kuwa mtu hachomekwi ukutani. Alitafutwa Mpepeaji wa Taifa, mwenye mikono miwili na mapenzi kwa nchi. Sikudhani akaenda na mikono yake, ya mapenzi hakuulizwa.

*

Alipepea kutwa nzima, mtoto kamfunga kifuani, Fahari ikazima vilevile, maana alikuwa anapepea uso wa Mtukufu tu na upepo haukuwa na pa kuingilia. Siku hiyo hiyo akamwendea Injinia Kalokola, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo, ameshika kichwa.

Akamwomba amweke mtoto karibu na mashine. Injinia akasema haiwezekani, chumba hiki ni cha siri ya taifa. Sikudhani akasema mtoto hajui kusema, atamwambia nani.

Injinia akamtazama yule mtoto. Akatazama mlangoni.

"Karibu kiasi gani?"

"Pale kwenye tundu, kaka. Penye joto zuri."

Ili kikapu cha kumlazia mtoto kiingie tunduni, ikabidi kifuniko kitolewe. Wakakitoa kwa mikono miwili, wakakiangika ukutani kwenye msumari, wakakiwekea na ua la plastiki ili isionekane kimeondolewa, ionekane kimeheshimiwa. Kikapu kikakaa mlangoni mwa tundu, kimeegeshwa upande, joto likawa linatoka polepole na kumpitia mtoto kama pumzi ya ng'ombe.

Na Fahari haikuzima. Refa akapuliza filimbi, mpira ukachezwa, mapumziko yakafika, kipindi cha pili kikaisha, na bado ikawa inawaka. Injinia Kalokola akasimama, akakaa, akasimama tena. Hakumwambia mtu. Mtoto naye midomo ikarudi rangi yake. Siku ya tatu akanywa maziwa kijiko kizima, na ya nne akalia kwa sauti mpaka Sista Perepetua akachungulia dirishani na kuondoka bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni sherehe.

Sikudhani akawa anapepea huku anahesabu pumzi za mtoto. Alikuwa na ombi moja tu duniani, Zaina apone, wamchukue mtoto waende kwao.

*

Mawaziri wakaja wote watatu siku moja, kwa bahati mbaya ya zamu. Wakakuta Fahari inawaka, wakaogopa. Hakuna aliyekuwa ametarajia.

Ikaundwa tume palepale. Tume ikauliza nini kimebadilika katika chumba hiki. Wajumbe wakatazama mashine, wakatazama sakafu, wakatazama dari. Ukutani hawakutazama, maana kule kulikuwa na Mtukufu, na kumtazama Mtukufu kwa macho ya uchunguzi ni kosa. Basi wakamwona mtoto.

"Hiki ni nini?" akauliza Waziri wa Unafuu.

"Ni mtoto wa mdogo wangu, mama," Sikudhani akasema.

"Ananunuliwa bei gani?"

"Hanunuliwi."

Waziri akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kukutana na kipuri cha bei hiyo. Waziri wa Kubana Umeme akapita kikapu pande zote akitafuta waya, hakuuona. Waziri wa Nguvu akaomba alie kidogo, mtoto akalia, akasema ana mapafu.

Jioni redio ikasoma hotuba ndefu. Ilisema kwamba wataalamu wa mataifa makubwa wamehangaika miaka mingi kupatanisha nguvu, umeme na bei, wameshindwa, kwa sababu walitafuta jibu kwenye vyuma. Sisi tumelitafuta katika utu wetu. Tumegundua kwamba mtoto wa taifa hili hunyonya joto kama anavyonyonya maziwa. Mchoro wa Fahari ukasahihishwa, mtoto akachorwa mahali pa feni, ukapigwa mihuri mitatu. Na katika nchi hii, mchoro uliopigwa mihuri mitatu haufutwi. Huweza tu kuongezwa.

Juu ya kikapu pakabandikwa karatasi iliyosema KIPOZEO.

*

Zaina akapona. Akaja mlangoni akijishika ukutani, akitaka mwanawe. Askari akamwambia vipuri vya serikali havitoki nje. Zaina akasema ni mtoto wake. Askari, kijana mpole aliyeonekana kuona haya, akasema anajua, shangazi yake pia ni kipande cha daraja.

Sikudhani akaenda ofisini. Akaelezwa kwa upole mkubwa. Kipuri hakiondolewi ila kwa kubadilishwa na kipuri kingine kinachokubaliwa na wizara zote tatu. Akauliza ni lini wizara zote tatu zimewahi kukubaliana. Karani akafikiri sana, akasema hilo swali ni zuri.

Basi akamrudia Injinia Kalokola, akamkuta juu ya ndoo yake.

"Kaka, wewe unajua. Mtoto hapozi chochote. Sema unachokijua."

Injinia alisubiri mpaka askari wa nje alipoanza kupiga mluzi.

"Ni kifuniko," akanong'ona. "Kikitoka, hewa inapita. Kikirudi, inaungua. Hakuna kingine, dada yangu."

"Basi kaseme."

"Nikaseme nini? Kwamba uso wa Mtukufu unaziba hewa ya taifa? Nina watoto wanne."

"Mimi nina huyu mmoja, na si wangu."

Injinia akainamisha kichwa. Kisha akamwambia lile alilokuwa hataki kumwambia. Siku ya uzinduzi ilikuwa imekaribia. Mtawala wa nchi jirani amealikwa, Mtukufu atacheza naye mbele ya watu, na kwa heshima ya siku hiyo kifuniko kitarudishwa mahali pake. Kikapu kitasukumwa ndani kabisa, kifuniko kitafungwa juu yake.

Sikudhani hakupiga kelele. Aliuliza tu kama humo ndani, kikiwa kimefungwa, ubongo wote ule ukiwaka, mtu mdogo anaweza kukaa kwa muda gani. Injinia akaanza kulia kama mtu anayekohoa.

*

Siku ya uzinduzi mapema, wakati Fahari imetolewa hadi uwanja wa hospitali, maturubai yanafungwa na bendi inajaribu tarumbeta, Sikudhani alisimama mbele ya mawaziri watatu waliokuwa wanagombea viti. Akapiga goti kama inavyotakiwa, akasema ana kipozeo bora.

Waziri wa Nguvu akauliza ubora wake uko wapi. Sikudhani akasema ni kikubwa, ni mara kumi ya kile cha sasa. Waziri akagonga kiti kwa furaha, hajawahi kupewa kitu mara kumi.

Waziri wa Kubana Umeme akauliza kinatumia nini. Akajibiwa, uji asubuhi, na hata usipopatikana kinaendelea kidogo.

Waziri wa Unafuu akashusha miwani. "Bei?"

"Mmeshakilipa, mama. Ni mimi."

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu nchi ipate wimbo wake, wizara tatu hazikuwa na la kubishania. Mihuri ikaletwa. Tundu likapanuliwa kwa msumeno. Mtoto akatolewa na kikapu chake, akapitishwa juu ya vichwa vya askari mpaka mikononi mwa Zaina.

"Dada, utatoka lini?" Zaina akauliza.

"Nenda. Usisimame hata kununua maji. Nenda mpaka mlangoni kwenu."

Sikudhani akaingia tunduni kinyumenyume, akakunja magoti, mgongo kwenye ule ubongo mwingi, uso nje. Kisha kifuniko kikafungwa, na kitu cha mwisho alichokiona kilikuwa upande wa nyuma wa tabasamu la Mtukufu, ambao haukuwa na rangi. Ulikuwa kadibodi tupu, na umeandikwa maneno ya kiwanda cha sabuni.

*

Bendi ikapiga wimbo wote. Mtukufu na mgeni wake wakashika vitufe. Refa akapuliza filimbi.

Ndani, joto halikuja kwa ukali. Lilianza kama blanketi, kisha kama mtu aliyemlalia mwingine. Nywele za Sikudhani zikaanza kutoa ile harufu. Akafikiria Zaina amefika wapi. Atakuwa kwenye mteremko wa soko. Fahari ikizima sasa, kitatafutwa kipozeo cha zamani, nao watamkuta njiani. Haikutakiwa kuzima. Hilo tu ndilo alilokuwa analijua, na hewa ilikuwa inakwisha.

Akainua vidole viwili, akavisukuma mbele kwa nguvu yote iliyobaki. Kadibodi ikatoboka.

Huku nje watu wakaona jambo ambalo wengi waliapa baadaye kwamba hawakuliona. Pua ya Mtukufu ilifunguka. Matundu mawili yakatokea pale hasa pua inapokuwa, na humo ukatoka mvuke, kisha ikasikika pumzi, ikiingia na kutoka. Mawaziri wakapiga makofi kwanza ili wasiwe wa mwisho. Uwanja mzima ukafuata. Fahari ikawaka mpaka dakika ya tisini. Mgeni, aliyekuwa anaisikiliza ile pumzi na kugeuka nyuma kila mara, akasahau kulinda goli. Alifungwa. Alipoaga alikuwa amejaa jasho, na Mtukufu akampa pole.

*

Injinia Kalokola alipandishwa cheo, akapewa bisibisi ya dhahabu ndani ya kioo kisichofunguka. Mchoro uliongezwa matundu mawili ya pua, ukapigwa mihuri.

Mtoto alivuka mlango wa kwao salama, akapewa jina. Zaina alimwita Sikudhani, kwa kuwa dada yake hakuwa analitumia tena. Kule kazini dada huyo sasa anaitwa Kipozeo. Kila Jumamosi mama humpeleka hospitali, nao husimama upande wa wodi, kwa sababu chumba chenyewe, ilimorudishwa Fahari, hakiingiliki. Mtoto sasa anatambaa. Hufika ukutani, akaweka kiganja, na huwa hataki kuondolewa.

Fahari inaundwa kwa wingi. Serikali imetangaza ajira, na vijana wamejipanga kuanzia lango la kiwanda mpaka barabara kuu. Cheti hakihitajiki, magoti tu yawe yanakunjika. Wasiopata wamelalamika kwamba kuna upendeleo.

Madukani inauzwa rahisi kuliko ya jirani. Ukiinunua, maelezo yako ubavuni mwa boksi. Iwekwe mahali penye hewa. Isilazwe chali. Isimwagiwe maji. Hapo pa maji usipafuate sana. Mchezo ukikwama mchana, usiipige wala usiite fundi. Zima runinga, sogea karibu na pua, usikilize. Kama inahema, chukua kikombe cha maji.